Fundi Ambaye Hukumwita: Wasomaji Wauliza Kuhusu Matapeli wa Kompyuta

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinamhusu mtu mmoja: yule anayejitambulisha kuwa fundi wa kampuni kubwa ya kompyuta na kudai ameona hatari kwenye mashine ya mama, baba au babu. Tumechagua saba. Nyingine zilifanana mno, na majibu yake yamo humuhumu.

Baba alikuwa akisoma habari, mara skrini nzima ikawa nyekundu, king'ora kikalia na sauti ikasema kompyuta imefungwa, apige namba iliyoandikwa pale. Kila akijaribu kuifunga inagoma. Mwishowe akachomoa waya ukutani. Kirusi bado kimo? — Kifunguamimba

Karibu kila mara hakikuwamo tangu mwanzo. Alichokiona baba ni ukurasa wa tovuti uliojitanua kujaza skrini nzima, ukaficha mshale wa kipanya na kucheza faili la sauti. Mara nyingi huletwa na tangazo la kulipia lililopenyezwa kwenye tovuti halali, au na herufi moja iliyokosewa katika kuandika anwani. Ile "anwani ya kompyuta yako" inayoandikwa kwa wino mwekundu isikutishe, maana kila tovuti unayoifungua huiona. Ukurasa wa namna hii hauwezi kufunga kompyuta. Unachoweza ni kumfanya mtu aamini imefungwa, kisha apige simu, na hiyo simu ndiyo mtego wenyewe.

Kuchomoa waya hakukuleta madhara makubwa, ila ziko njia za upole zaidi. Bonyeza kitufe cha Esc na ukishikilie kwa sekunde chache, skrini itarudi katika ukubwa wa kawaida na alama ya kufunga itaonekana. Isipokubali, bonyeza Alt na F4 kwa pamoja. Ikigoma tena, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, chagua kivinjari katika orodha itakayofunguka, kisha ukisimamishe. Kwenye Mac ni Command, Option na Esc. Kwenye simu, fungua orodha ya programu zilizo wazi na uisukume ile ya kivinjari nje.

Watu wengi hukwama baadaye. Wakifungua kivinjari tena, kinawauliza kama kirudishe kurasa zilizokuwa wazi, wanakubali, na king'ora kinaanza upya. Kataa. Kama kivinjari kimepangwa kurudisha kurasa chenyewe bila kuuliza, zima intaneti kwanza, kifungue, funga kichupo kile, ndipo uwashe intaneti.

Kanuni ambayo baba anaweza kuikariri ni hii: ujumbe wa hitilafu kutoka Microsoft hauna namba ya simu. Kampuni yenyewe imelisema hilo waziwazi. Onyo lenye namba ya kupiga ni la tapeli, hata liwe na nembo nzuri kiasi gani.

Kuna jamaa mpya wa ukurasa huu ambaye hapigi kelele. Anajifanya anataka kuthibitisha kwamba wewe si roboti, halafu anakuelekeza ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Ukitii, umebandika na kuendesha amri ambayo ukurasa uliinakili kimyakimya, na hapo kirusi cha kweli kinaingia. Hakuna tovuti halali inayohitaji ubonyeze vitufe hivyo ili uisome.

Mama yangu si mtu wa kudanganywa ovyo. Anasema yule kijana wa kwenye simu alimthibitishia: alimwonyesha makosa mamia ndani ya kompyuta, kisha akamsomea namba ya siri ya mashine yake na ikalingana tarakimu kwa tarakimu. Aliijuaje? — Mtoto wa Mwalimu

Aliijua kwa sababu namba hiyo ni ileile kwenye kompyuta zote za Windows. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika assoc, bonyeza Enter. Katika mistari ya mwisho utaona ZFSendToTarget ikifuatwa na CLSID na namba ndefu inayoanza 888DCA60 na kuishia 00C04FD7D062. Huo ni utambulisho wa kipande kimoja cha Windows, hauna uhusiano na mmiliki wala leseni. Tapeli ameibandika mbele yake na kumsomea kila anayempata.

Yale makosa mamia yalitoka Event Viewer, daftari ambamo Windows huandika kila kinachotokea. Kompyuta yoyote isiyo na tatizo, hata iliyotoka dukani wiki iliyopita, itakuwa na alama za njano na nyekundu humo. Onyo namba 10016 la DistributedCOM, kwa mfano, hujirudia mara nyingi, na Microsoft wenyewe wanasema halina madhara. Tapeli hulifungua daftari hilo, huchuja maonyo peke yake, halafu humwachia mwenye mashine ahesabu mwenyewe. Mbinu hii si ya leo. Mwezi Oktoba 2012, FTC, tume ya Marekani inayolinda watumiaji, ilipotangaza kuwashtaki matapeli wa aina hii, Event Viewer ilikuwa tayari ndiyo silaha yao.

Zipo mbili nyingine za kumwonyesha mama ili siku nyingine azitambue. Amri ya netstat huorodhesha miunganisho ya intaneti, na safu moja ina kichwa "Foreign Address". Tapeli atasema hao ni wadukuzi wa nje ya nchi. Maana yake ni upande wa pili wa muunganisho tu, iwe tovuti ya habari au barua pepe. Amri ya tree nayo hutiririsha majina ya folda zote kwa kasi, jambo linaloonekana kama uchunguzi mzito. Wakati majina yanashuka, tapeli anachapa maneno kama "virusi vimepatikana", na maneno hayo hujitokeza chini kabisa orodha inapokwisha, kana kwamba kompyuta ndiyo imeyaandika.

Tunashauri ukae na mama, mfungue dirisha la amri kwenye kompyuta mbili tofauti, na aone kwa macho yake namba ile ikilingana. Dakika tano hizo zina nguvu kuliko mahubiri ya saa nzima, hasa kwa mtu aliyezoea kudai ushahidi.

Babu alimruhusu "fundi" aingie kwenye kompyuta yake kwa muda wa saa moja na akamtajia namba za kadi. Nimejua sasa hivi. Nianzie wapi? — Mjukuu Mwenye Haraka

Anzia kwenye intaneti: izime. Chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi, kisha kata simu kama bado yuko hewani. Usimtukane wala usimwambie umemgundua, kata tu. Kabla ya kuzima kompyuta, piga picha kila kilicho kwenye skrini kwa simu yako: jina la programu aliyoitumia, namba yake, na namba ya simu iliyopigwa.

Cha pili ni benki, na usisubiri kumaliza kusafisha kompyuta. Piga namba iliyo nyuma ya kadi, si ile utakayoipata kwa kutafuta mtandaoni, kwa sababu matapeli hulipia matangazo ili namba zao zitokee juu kabisa. Omba kadi ifungwe, huduma ya benki mtandaoni isimamishwe, na miamala ya siku hiyo ipitiwe pamoja na ile iliyopangwa kutoka baadaye. Kama babu alinunua kadi za zawadi (kadi za dukani zenye thamani ya fedha) na kusoma namba zake, piga kwa kampuni iliyotoa kadi hizo saa hiyohiyo na uhifadhi kadi pamoja na risiti. Kadi ambayo haijatumiwa bado inaweza kuzuiwa.

Cha tatu ni barua pepe, kwa kuwa ndiyo mlango wa kubadilishia nywila za kila kitu kingine. Ifungue kwenye kifaa tofauti, kamwe si kompyuta ile. Badilisha nywila, kisha ondoa vifaa vyote vilivyoingia, kwa sababu nywila mpya peke yake huenda isimtoe mtu aliyekwisha kuingia. Halafu fanya ukaguzi ambao karibu kila mtu huusahau: angalia namba ya simu na anwani za kurejeshea akaunti, na uangalie kama kuna kanuni ya kupeleka barua kwa mtu mwingine au kuzificha zile zinazotoka benki. Ukikuta kanuni ya namna hiyo ambayo babu hakuiweka, rudi benki uwaambie. Baada ya barua pepe, badilisha nywila zote zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye kivinjari. Saa nzima inatosha kabisa kuzinakili.

Muulize babu pia, kwa utaratibu, kama aliwahi kuelekezwa afanye lolote kwenye simu yake. Wengi humwelekeza mtu apakue programu ya kuonyesha skrini au ashiriki skrini kwa simu ya video, ili msimbo wa uthibitisho unaotoka benki uonekane kwao ukifika. Kwenye Android, fungua Mipangilio, kisha sehemu ya Ufikivu, na uzime programu yoyote isiyojulikana iliyopewa ruhusa hapo. Ruhusa hiyo humwezesha mtu kusoma skrini na kuibonyeza badala ya mwenye simu.

Kompyuta sasa. Ukiwasha programu ya kinga ya virusi na ikasema pako safi, usiamini upesi. AnyDesk, TeamViewer, UltraViewer na ScreenConnect ni programu halali za kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, zinazotumiwa na mafundi wa kweli, kwa hiyo kinga nyingi hazizigusi. Hatari ni kwamba AnyDesk, kwa mfano, inaweza kuwekewa nywila ya kudumu ili mtu aingie usiku bila kibali cha yeyote. Kama uliikuta, nakili kwanza faili la connection_trace.txt lililo ndani ya folda ya AnyDesk, kwenye ProgramData au AppData. Humo mna namba na tarehe za walioingia, na polisi watalihitaji. Baadaye hifadhi nyaraka na picha pekee, bila faili za programu, kisha irudishe Windows upya kwa kufuta kila kitu. Uchunguzi wa Microsoft Defender, kinga iliyomo ndani ya Windows, unaofanyika kabla Windows haijawaka huchukua kama dakika 15 na unafaa, ila kwa mtu aliyekaa ndani saa nzima sisi tungefuta bila kusita. Kutafuta alichokificha huchukua muda mrefu kuliko kupanga upya.

Shangazi alipigiwa kwamba anarudishiwa ada ya programu ya kinga ya virusi. Wakamwekea fedha nyingi kupita kiasi "kwa makosa", na salio lake kweli lilipanda, aliliona. Sasa wanamlilia arudishe ziada kwa kadi za zawadi. Si fedha zao? — Mpwa

Hapana, na asirudishe hata senti. Salio linaweza "kupanda" kwa njia mbili, na inafaa kujua ipi ilitumika.

Ya kwanza ni kuubadilisha ukurasa wa benki kama unavyoonekana kwenye skrini. Kivinjari chochote kina zana ya watengenezaji wa tovuti, hufunguliwa kwa F12, nayo humruhusu mtu kuandika tarakimu nyingine juu ya zilizopo. Benki haijui lolote. Ukifungua ukurasa upya, tarakimu za kweli zinarudi. Ndiyo sababu tapeli humkataza mtu kugusa chochote, au huifanya skrini iwe nyeusi akiwa kazini. Programu za kuingia kwa mbali zina uwezo huo.

Ya pili ni chafu zaidi: huchukua fedha kwenye akaunti ya akiba ya mwenyewe na kuzihamishia akaunti yake ya matumizi. Hapo hata ukifungua ukurasa upya salio liko juu kweli, na shangazi akienda kuangalia kwenye mashine ya benki atalikuta vilevile. Basi kagua akaunti zake zote, si moja. Ziada hiyo ni fedha zake mwenyewe zimezungushwa.

Lile "kosa" nalo hupangwa. Huambiwa aandike mwenyewe kiasi anachodai kwenye fomu, na tapeli, akiwa anaendesha kibodi ileile, huongeza sifuri. Mtu huamini amekosea yeye, na kilio cha "nitafukuzwa kazi" kinamkuta tayari ana hatia moyoni. Kadi za zawadi huchaguliwa kwa sababu namba zake zikishasomwa kwenye simu hutumiwa upesi na ni vigumu mno kuzirudisha fedha hizo. Benki iliyokosea huondoa fedha yenyewe, haitumi mtu dukani.

Nawaandalia wazazi kompyuta. Niweke nini ili mtu asiwaingilie? — Kitindamimba

Anza na matangazo, kwa sababu ndiyo njia kuu ya ule ukurasa mwekundu. Weka kizuia matangazo: uBlock Origin kwenye Firefox, au uBlock Origin Lite kwenye Chrome. Kisha kwenye kivinjari fungua Mipangilio, Faragha na usalama, Mipangilio ya tovuti, Arifa, na uzuie tovuti zote kuomba kutuma arifa. Zile jumbe ndogo za "virusi 5 vimepatikana" zinazochomoza pembeni hata kivinjari kikiwa kimefungwa kwa kawaida ni arifa za tovuti ambayo mzazi aliikubalia miezi iliyopita. Zifute katika orodha hiyohiyo.

Wape akaunti ya kawaida, isiyo na mamlaka ya kusakinisha, na nywila ya msimamizi ubaki nayo wewe. Ila usidhani hilo limemaliza kazi. AnyDesk hufanya kazi bila kusakinishwa, na mtu akiipakua tu itamwonyesha tapeli skrini. Akaunti ya kawaida inamzuia kubadilisha mipangilio mikubwa na kuacha mizizi, haimzuii kuona. Kwa hiyo ongeza kizuizi kwenye ruta: huduma ya DNS (inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za mtandao) kama NextDNS hukuruhusu kuorodhesha anydesk.com, teamviewer.com na nyinginezo zisifunguke kabisa nyumbani kwao. Quad9, kwa anwani 9.9.9.9, huzuia tovuti zinazojulikana kuwa mbaya na haihitaji usajili, lakini kurasa za matapeli hubadilisha majina kila mara, na nyingine huwahi kufanya kazi kabla hazijaorodheshwa.

Wengi wenu mmeacha AnyDesk kwenye kompyuta ya wazazi ili muwasaidie mkiwa mbali. Iondoeni. Tapeli akiikuta tayari ipo, nusu ya kazi yake mmemfanyia. Tumieni Quick Assist, iliyomo ndani ya Windows, kwa masharti mawili: mzazi ndiye anayewapigia, na msimbo wa kuingilia anaupokea kwa namba yenu aliyokwisha kuihifadhi. Kama hamuhitaji kabisa, iondoeni nayo, kwani matapeli huitumia pia.

Benki iwekewe kikomo cha chini cha kuhamisha fedha kwa siku na ujumbe kwa kila muamala. Katika hatua zote, hii ndiyo tunayoipenda zaidi, kwa kuwa hufanya kazi hata pale nyingine zote zimeshindwa.

Nikinunua programu ya kinga ya virusi ya bei kubwa, tatizo litaisha? — Fundi wa Mtaani

Halitaisha. Kinga hiyo hutafuta faili baya, na hapa mtu anafungua mlango mwenyewe kwa programu halali. Defender inayokuja na Windows inawatosha wazazi wengi. Zaidi ya hapo, kinga ya kulipia huleta barua za kukumbusha malipo, na ankara bandia za "usajili wako umeongezwa, piga namba hii kughairi" huaminika zaidi kwa mtu ambaye kweli ana usajili.

Nawezaje kumwonya baba bila kumfanya ajione mzee asiyejua kitu? Na rafiki yake, aliyeibiwa mwaka jana, sasa amepigiwa na wakili anayesema atamrudishia fedha zote. — Binti

Usimpe mtihani wa kompyuta. Mwombe msaada: "Baba, kuna watu wanawapigia wazee wa rika lako, wakikupigia naomba unijulishe nami nijue wanasemaje." Hapo anakuwa mlinzi. Kubalianeni maneno ya kukatia simu ambayo hayahitaji ubishi: "Mambo ya kompyuta anashughulikia binti yangu, kwaheri." Andika kwenye karatasi kwa herufi kubwa na uibandike kando ya skrini: namba yako, namba ya benki, na mstari mmoja kwamba hakuna fundi anayelipwa kwa kadi za zawadi. Namba inayoonekana kwenye simu isiwe ushahidi wa lolote, kwa sababu inaweza kughushiwa ionekane ya benki yenyewe.

Mwambie pia, mapema na mbele ya wenzake, kwamba akiwahi kunaswa hatagombezwa. Mficha maradhi kilio humfichua, na katika utapeli huu wanaoficha kwa aibu ndio wanaoibiwa mara ya pili na ya tatu. Tapeli hulijua hilo, ndiyo maana humwonya mtu asimwambie mwanawe wala mhudumu wa benki.

Huyo wakili ni mara ya pili yenyewe. Majina ya waliokwisha kuibiwa huuzwa baina ya matapeli, na anayepiga hujua kiasi kilichopotea kwa sababu ameipata orodha. Ataomba ada ya kufungulia faili, kodi au gharama ya kuhamishia fedha, au ataomba aingie kwenye kompyuta "kuthibitisha akaunti". Rafiki wa baba asilipe wala asimfungulie. Aandike namba iliyopiga na jina lililotajwa, aipeleke kwenye kituo cha polisi alikoripoti wizi wa kwanza, na kama hakuripoti, aripoti yote mawili kwa pamoja.